Laini ya 12V ya kompyuta yangu inasoma 11.2 kwa programu nikicheza gemu, pawasaplai (kifaa cha kuipa stima) imeisha?
Boss, hiyo 11.2 ya programu usiiamini bado, sensa za mabodi (madabodi) hudanganya, yangu hapa Kondele ilikuwa inasoma 9 na mashine inapiga kazi tu. Omba mtu mita ya kupima stima, weka DC 20 (volti 20), ncha nyeusi kwa waya mweusi wa plagi ya moleksi (ile ya pini nne inayotoka kwa pawasaplai), nyekundu kwa wa njano, pima gemu ikiwa inaendelea na uchunge ncha zisigusane. 12V iwe kati ya 11.4 na 12.6, 5V (waya mwekundu) 4.75 hadi 5.25. Ikishuka hapo chini badilisha pawasaplai, usingoje iharibu bodi. Na usifungue pawasaplai yenyewe hata ukichomoa stima, kapasita (vipande vinavyohifadhi stima) hubaki na chaji, mimi ilishanirusha. Ukiogopa mita pelekea fundi.