Usilipe kabla hujasikia fidla

Mkuu, usitume hiyo pesa. Una laki nne, unataka spika ndogo za rafu zenye sauti laini kwa muziki wa okestra, na muuzaji wa Kariakoo amekushika kwa kukwambia "zinalia kweupe". Na mimi nililishwa maneno hayo hayo.

Mimi nilitoa laki tano na nusu. Dukani nilipigiwa bongo fleva, sauti juu, mlango wazi, honi za Msimbazi zinaingia ndani. Kila kitu kilichangamka. Nikafika nyumbani Tabata, nikaweka Bach, fidla peke yake. Dakika kumi nikazima. Upinde ukigusa uzi mwembamba, ni msumeno juu ya bati. Nikabadilisha waya, nikanunua zulia, nikashusha trebo, yaani sauti nyembamba: wapi! Mke wangu akawa anahama sebule kila nikiwasha.

Nilikuja kuelewa pesa imeshakwenda. Sikio letu husikia kwa wepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti; namba ikipanda, sauti inakuwa nyembamba zaidi). Spika iliyopandishwa sauti hapo inapenya kelele za barabarani, kwa hiyo dukani inashinda zote. Lakini fidla, ingawa uzi wake mnene unaanzia hezi 196 hivi, mkwaruzo wake wa upinde umejaa humo humo. Tena hapo ndipo wufa, ile koni kubwa ya sauti nzito, inapoiachia kazi twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, na kwenye spika za bei ya chini makabidhiano hayo mara nyingi ni ya ovyo.

Yule muuzaji nilimwambia wazi nasikiliza fidla na piano. Akanijibu "muziki ni muziki, bosi", akanionyesha boksi lenye wati 1,200 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, namba isiyokwambia lolote. Ya kutazama ni RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Niliporudi kesho yake: mali ikitoka dukani hairudi. Nimeziuza laki mbili. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Sasa fanya hivi. Nenda na flashi yako: fidla peke yake, au kwaya ya sauti za kike. Huna? Beba taarabu asilia yenye fidla nyingi, itakuumbulia spika upesi vilevile. Trebo na besi ziwe katikati, sauti iwe ile unayosikilizia usiku nyumbani, halafu keti nusu saa. Mkono ukitamani kupunguza, ondoka. Muuzaji akikataa usikae, ondoka vilevile. Spika inayoonekana imepoa dakika ya kwanza usiidharau, huenda ndiyo yako.

Ukigeukia za mtumba, gusa ukingo wa wufa. Ukiwa wa sponji na unamung'unyika, achana nazo. Unyevu wetu wa pwani hauusamehi. Wa mpira unadumu.

Swali lako la amplifaya watakujibu wengine. Mimi Jumamosi asubuhi nipo Kariakoo. Kama hujalipa, sema nije na flashi yangu twende wote.