Mawese kwenye kochi la ngozi

Swali: Shikamoo fundi. Ni msomaji wako wa Ujiji, Kigoma. Marehemu baba alituachia seti ya makochi ya ngozi halisi, ya kahawia, aliyoinunua miaka ya tisini. Mikono yake ilikuwa imekauka na kufanya nyufa ndogo ndogo. Jirani akaniambia niyapake mawese, kwamba ngozi ni ngozi, hata sisi tunajipaka mafuta. Nilipaka mara tatu, yakang'aa sana. Sasa kila asubuhi naona weupe kama ukungu juu ya mito. Nikiufuta, kesho umerudi. Watoto wakikaa, nguo zao zinashika rangi ya chungwa. Je, ni kuvu? Na nta ya nyuki ya kwenu Tabora inafaa?

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kochi la urithi lina thamani kuliko bei yake, kwa hiyo twende polepole.

Kabla hujafuta tena, chukua kijiko cha chuma, kitumbukize kwenye maji ya moto, kikaushe, kipoe kidogo hadi shavu lako liweze kukivumilia. Kiweke juu ya ule weupe huku ukihesabu hadi kumi. Ukiyeyuka na kupotea, hiyo si kuvu, ni mafuta. Ukibaki palepale, na pua yako ikapata harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni masika nzima, basi ni kuvu.

Kwa maelezo yako nadhani ni mafuta. Wewe ni mtu wa Kigoma, mawese unayajua. Asubuhi za Julai chupa jikoni imeganda chini, mchana ikipata joto inalainika. Karibu nusu ya mafuta yale ni ya aina inayoganda. Kochi lako linafanya kama ile chupa: usiku ukipoa, mafuta yaliyojificha kwenye vinyweleo na nyufa yanatoka juu na kuganda. Ndiyo maana ukifuta yanarudi. Na ile rangi ya chungwa kwenye nguo za watoto ni ya mawese yenyewe.

Jirani yako alikutakia mema. Lakini ngozi yako wewe iko hai, inajitengeneza kila siku. Ngozi ya kochi ilipewa mafuta yake kiwandani, ikiwa bado mbichi na ina maji, yakaingia hadi ndani kabisa. Kisha ikakaushwa, na makochi mengi ya nyumbani yakapuliziwa rangi na utando mwembamba wa kinga juu yake. Unapokalia kochi, unakalia ule utando. Mafuta unayopaka leo hayapiti hapo. Yanakaa juu, yanashika vumbi, yanapenya kwenye nyufa tu, na siku zikienda yanachacha na kunata. Hata mikono ya kochi kupasuka, mara nyingi chanzo chake si kiu ya mafuta. Ni jasho la viganja na mafuta ya nywele, ambayo hulainisha utando taratibu hadi unaachia. Angalia vizuri: nyufa ziko pale watu wanapoweka mikono na vichwa. Mgongoni nyuma, pasipoguswa na mtu, ngozi ya mzee huenda bado ni nzima.

Sasa kuyatoa. Subiri mchana wa joto, mafuta yakiwa laini. Yafute kwa fulana kuukuu ya pamba, kavu, ukigeuza upande kila unapochafuka. Usisugue, kandamiza na kuinua. Kisha nyunyiza chaki nyeupe iliyosagwa laini, au poda ya mtoto, iache usiku kucha ifyonze, asubuhi uipanguse kwa brashi laini. Najua unga wa muhogo uko jikoni, lakini usiutumie. Ukiingia kwenye mshono utakuletea mende. Rudia chaki mara tatu au nne, kwa siku tofauti, hadi ibaki nyeupe.

Ndipo uoshe. Lita moja ya maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga hadi povu lisimame, na ufanye kazi na povu tu. Kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoke hata tone. Futa sehemu yenye ukubwa wa sahani, ifuate kwa kitambaa cha maji matupu, halafu kikavu, ndipo usogee sehemu nyingine. Sabuni ya mche, sabuni ya unga, magadi na jiki viweke mbali. Ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo, na sabuni hizo kali zinaivuruga, inakuwa ngumu.

Lakini anza na jaribio la tone. Fungua zipu ya mto, au inama chini ya kiti pasipoonekana, weka tone moja la maji. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, utando upo na unaweza kuosha nilivyosema. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi hiyo haina utando. Hapo ishia kwenye chaki, usitie maji, na ukubali kwamba mawese mengine hayatatoka tena.

Nta ya kwetu naipenda mno. Asali ya misitu hii ya miyombo na nta yake ndivyo Tabora inavyojulikana, na sijawahi kukosa bonge moja kwenye meza yangu ya kazi. Uzi wa kushonea naupitisha juu ya bonge mara mbili, tatu, hadi uanze kulia, ndipo unapita kwenye ngozi bila kukatika. Mikanda na viatu vizito, sawa. Kwenye kochi la sebuleni hapana. Itashika vumbi na alama za vidole, na wewe umeshapata tabu ya kutosha na mafuta yanayoganda.

Neno moja kuhusu nyumba yako. Kama dirisha la sebule linatazama ziwa, jua la alasiri linaingia lote, na jua ndilo linalopausha na kukausha. Sogeza makochi au weka pazia zito. Na wakati wa masika yaache yakae mbali na ukuta shubiri moja, hewa ipite. Kuvu yenyewe inapenda pale nyuma.

Swali: Fundi, habari za kazi. Kochi langu la "leza" nimelinunua hapa Tabora, halijamaliza miaka minne, linamenyuka kama kitunguu. Nipake nini? Msomaji, Isevya.

Jibu: Ndugu yangu, usipake kitu. Vuta kipande kinachomenyuka ugeuze nyuma. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni plastiki iliyogandishwa juu ya nguo. Joto, jasho na unyevunyevu huivunja kutoka ndani, hakuna mafuta wala gundi ya kuirudisha. Ngozi halisi nyuma yake ina manyoya mafupi kama kitambaa cha swede, na haimenyuki kwa tabaka za namna hiyo.

Kama mbao na sponji ni vizima, badilisha nguo ya viti na mikono tu, mgongo uache. Gharama inapungua sana. Kabla fundi hajakata, mwambie akuonyeshe nyuma ya roli la nguo hiyo mpya, usiangalie mbele peke yake. Wauzaji wanaoita kila kinachong'aa leza wanawaumiza watu, na naliona kila mwezi kwenye banda langu.

Swali: Mtoto amechora kwa peni ya wino kwenye kochi la ngozi. Nitumie spiriti? Mama, Mwanga, Kigoma.

Jibu: Mama, tafadhali usiiguse. Nikiwa kijana, najifunza kazi, tuliletewa kiti cha ngozi cha mteja kilichokuwa na mstari wa wino wa urefu wa ukucha. Mwalimu wangu alikuwa ametoka. Nikamwagia pamba spiriti nikapitisha mara moja. Pamba ilirudi ya kahawia, na kwenye kiti pakabaki doa la kijivu, pana kama kiganja, na ule mstari wa wino umo katikati bado. Nililia. Tulibadilisha ngozi ya kiti kizima, nikafanya kazi miezi miwili bila posho.

Jaribu povu lile nililoeleza hapo juu, leo hii, kwa ncha ya kitambaa, ukifuta kuelekea katikati ya mstari ili usiutandaze. Wino wa siku hiyohiyo mara nyingine hupungua. Usipopungua, uache ulivyo hadi umpate fundi mwenye rangi ya ngozi, aichanganye ifanane na kochi lako na kupaka juu ya mstari tu.