Draiva inayolalamika kabla ya wakati: kupunguza ujumbe wa ziada Linux inapowaka

Swali: Nimeandika draiva ya kihisi joto cha I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha vifaa) kwenye bodi inayotumia Linux. Kila bodi inapowashwa, draiva huandika mara nne au tano kwamba imekosa chanzo cha umeme cha kihisi, kisha hukipata na kufanya kazi vizuri. Je, niongeze `quiet` kwenye vigezo vya kuwashia?

Jibu: Ndugu msomaji, `quiet` haitakusaidia. Kigezo hicho hushusha kiwango cha konsoli (skrini ya ujumbe) hadi 4, yaani huonyesha ujumbe wenye namba chini ya hapo tu, kwa hiyo ujumbe wa `dev_err`, kitendakazi cha kuandika makosa, ambao ni wa kiwango cha 3, utaendelea kuonekana. Na hata ule unaofichwa hubaki kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo.

Kinachotokea si hitilafu. Draiva yako hutangulia ile ya kidhibiti umeme, hupewa jibu la `-EPROBE_DEFER`, na kerneli (sehemu kuu ya Linux) huiweka kwenye foleni ili ijaribu tena baadaye. Badala ya `dev_err`, tumia `dev_err_probe`, iliyoingizwa katika toleo la 5.9 mwaka 2020: ikikuta jibu hilo huandika kwa kiwango cha utatuzi tu na kuhifadhi sababu, ambayo utaisoma katika `/sys/kernel/debug/devices_deferred` iwapo kifaa kimekwama; ikikuta kosa jingine, hulitangaza kama kawaida.

Usinyamazishe kupita kiasi, hata hivyo. Kihisi kisipoitikia anwani yake, adapta nyingi za I2C hurudisha `-ENXIO`, na kiini cha draiva za Linux hakitangazi kosa hilo wala `-ENODEV` (hakuna kifaa). Usipoliandika wewe mwenyewe, fundi atakayeitwa kukagua bodi hataona chochote.

Salamu za mafanikio, kama vile toleo la draiva au jina la mwandishi, zihamishie kwenye `dev_dbg`, ya ujumbe wa utatuzi. Mwongozo wa uandishi wa kerneli unataka draiva inayofanya kazi vizuri ikae kimya, nami naafiki, hasa kwa anayetumia konsoli ya mfululizo: kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, mstari wa herufi 80 huchukua takriban milisekunde 7, hivyo mistari mia moja hukugharimu takriban sekunde 0.7 ya kusubiri.

Siku utakapouhitaji ujumbe huo, ongeza `jina_la_draiva.dyndbg=+p` kwenye vigezo vya kuwashia, mradi kerneli imejengwa na `CONFIG_DYNAMIC_DEBUG`.