Maswali ya Bustani: Madoa Meusi Kwenye Majani

SWALI: Mawaridi yangu yana madoa meusi. Majani yanageuka manjano, kisha yanapukutika kuanzia chini kwenda juu. Nimeshapiga dawa ya wadudu mara tatu, wapi! Nifanyeje?

JIBU: Dawa ya wadudu haiui ukungu, hivyo mara zote tatu umempiga asiyekuwepo. Chuma jani moja ulitazame kwa karibu. Kama kingo za doa zimechanikachanika mithili ya unyoya, na kijani kilicho kando yake kinafifia kuwa manjano, hilo ni doa jeusi la waridi, na ukungu unaolileta huitwa Diplocarpon rosae.

Vijimbegu vya ukungu huo hurukia jani kwa matone ya maji: ya mvua, ya mpira, hata yale yanayodunda kutoka ardhini. Vikishatua, vinahitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi mfululizo ndipo vipenye. Hapo ndipo pa kuukaba ugonjwa. Ukimwagilia jioni, jani linalala na maji usiku kucha. Mwagilia asubuhi, tena shinani, majani yasiguswe.

Okota majani yote yaliyoanguka, na yale yenye madoa yachume. Vijitawi vyenye mabaka ya zambarau au meusi vikate pia, maana ukungu hujificha humo ukisubiri mvua nyingine. Punguza matawi ya katikati yanayosongamana ili upepo upite, lakini usipogoe kichaka kikiwa kimelowa, na mkasi uufute kwa spiriti kila unapohama shina. Mwisho tandaza matandazo unene wa sentimita 5 hadi 7, bila kuyagusisha na shina, ili matone yasirushe uchafu wa chini juu ya majani.

SWALI: Nilipiga mankozebu, dawa ya unga ya ukungu, wiki mbili zilizopita na madoa bado yapo. Dawa ni feki?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Mankozebu ni ngao, si tiba. Doa lililokwisha tokea halifutiki. Usihesabu madoa ya zamani, tazama majani yaliyochipua baada ya kupiga. Hayo yakiwa safi, dawa imefanya kazi. Tatizo ni kwamba jani lililochipua jana halina dawa, na mvua nayo huosha ile iliyokuwepo. Ndiyo maana hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14, na nyakati za mvua zile 7 ndizo za kufuata.

Kipimo ni cha kwenye lebo. Ikisema gramu 2 kwa lita, bomba la lita 15 linataka gramu 30, zipimwe kwa mizani, kwani kijiko cha unga hudanganya. Koroga kwanza kwenye maji kidogo hadi uwe uji, ndipo ujaze bomba, na ulitikise kila mara kwa sababu unga hutuama. Lowesha na upande wa chini wa jani. Wengi hupiga juu tu. Vaa glavu na barakoa. Dawa za kopa (zenye madini ya shaba) nazo ni ngao, ila zikikawia kukauka wakati wa baridi na unyevu huunguza majani.

SWALI: Haidrenjia yangu (ua la bustani) ina madoa ya mviringo, katikati ya kijivu, kingo za zambarau. Itakufa?

JIBU: Haifi. Huo ni ukungu mwingine, Cercospora, nao huanzia majani ya chini. Huiharibu sura kuliko kuidhuru. Chuma majani mabaya, acha kumwagilia juu, punguza mbolea ya naitrojeni. Dawa hapo mara nyingi ni kupoteza pesa.

SWALI: Nitajuaje kama ni bakteria?

JIBU: Doa la bakteria mara nyingi huwa na pembe, kwa kuwa huzuiwa na mishipa ya jani. Likiwa bado changa, lielekeze kwenye mwanga: utaliona kama limelowa mafuta. Hapo mankozebu peke yake haifui dafu. Kopa hupunguza.

SWALI: Majani yaliyougua niyatie kwenye mboji?

JIBU: Kama lundo lako halifiki nyuzi 55 za joto kwa siku kadhaa, usiyatie, na malundo mengi ya nyumbani hayafiki. Yafukie mbali na vichaka.