Kaske kwa baba mkwe, spika kwa nyumba nzima

SWALI: Baba mkwe wangu anakaa nasi hapa Kadutu, Bukavu. Masikio yake yamepungua nguvu, na saa ya habari tunapandisha sauti mpaka majirani wanalalamika. Tumemnunulia kaske ya Bluetooth. Tukiiunganisha na televisheni yeye anasikia vizuri, lakini sisi wengine tunabaki na picha tupu. Dekoda imeungwa kwa HDMI. Tufanye nini ili wote tusikie?

JIBU: Mama, kaske yenu haina kosa. Televisheni nyingi zimeundwa hivyo: sauti ikipewa njia ya Bluetooth, spika zinafungwa. Tundu dogo la kaske, lile la milimita 3.5, kwa kawaida linafanya vilevile mara pini inapoingia. Kwa hiyo msinunue waya wa kugawa sauti wa kuchomeka hapo. Pesa itapotea bure.

Anzeni na menyu, huenda msihitaji kununua kitu. Samsung nyingi za miaka ya karibuni zina, ndani ya Accessibilité, chaguo la kutoa sauti kwa Bluetooth na kwa spika pamoja. Baadhi ya LG zinaliweka ndani ya Son, kisha Sortie son.

Kama halimo, mtahitaji transmita: kidude kinachochukua sauti kwa waya na kuirusha hewani hadi kwenye kaske. Kazi kubwa hapa ni kuchagua tundu la kuchukulia sauti. Tazameni nyuma ya televisheni kama kuna tundu la mraba lililoandikwa OPTICAL. Mara nyingi hilo halizimi spika. Waya wake unakuja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili; wengi hawavioni, wanasukuma navyo, kisha wanasema tundu ni bovu. Vitoeni. Halafu katika menyu, kwenye Sortie audio numérique, chagueni PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Ikibaki Dolby, ambayo ni sauti iliyobanwa, transmita nyingi haziielewi na kaske itakaa kimya.

Hakuna OPTICAL? Msikimbilie matundu mekundu na meupe ya televisheni, maana mara nyingi ni ya kuingiza sauti, si ya kuitoa. Tazameni dekoda. Nyingi zina matundu yao mekundu na meupe ya kutoa, na yanaendelea kutoa sauti hata HDMI ikiwa inafanya kazi. Waya wenye pini hizo mbili upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili unatosha. Mzee atasikia yale ya dekoda tu. Filamu ya kwenye fleshi haitamfikia. Lakini kuna faida: sauti yake haitegemei telekomande ya televisheni, hata mkinyamazisha spika watoto walale, yeye anaendelea na habari zake.

Kuunganisha: swichi ya transmita iwe TX, maana ikiwa RX inapokea badala ya kurusha. Zimeni Bluetooth ya simu iliyowahi kutumia kaske hiyo, kwa sababu kaske hupenda kurudi kwa simu iliyoizoea. Wekeni vifaa viwili umbali usiozidi mita moja, bonyezeni na kushikilia kitufe cha kila kimoja mpaka taa iwake na kuzima haraka haraka, kisha subirini itulie.

Sasa jambo linalowavunja wengi moyo: kuchelewa. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200 hivi. Ni kama kusikiliza spika ukiwa umesimama karibu mita 70 kutoka hapo. Mzee akiwa sebuleni pamoja nanyi, spika zitamfikia kwanza na kaske baadaye, naye atasikia kila neno mara mbili. Tafuteni transmita yenye aptX Low Latency, aina ya Bluetooth inayoshusha kuchelewa mpaka milisekunde 40 hivi, lakini kaske nayo lazima iwe nayo. Upande mmoja peke yake hausaidii kitu. Kama kaske yenu haina, kwa mzee anayekaa sebule moja na wengine ningenunua seti ya kaske inayotumia mawimbi ya redio badala ya Bluetooth, inayouzwa pamoja na kituo chake, yaani kitako kinachoungwa na televisheni na kuirushia sauti. Hiyo haichelewi kiasi cha kusumbua, haihitaji kuunganishwa upya kila siku, na kituo ndicho mahali pa kuichajia.

Transmita inatumia volti 5, hivyo tundu la USB la televisheni linatosha. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi haziwaki zenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe. Mwonyesheni mzee kilipo.

Sauti ya kaske ianze chini, ipandishwe polepole akiwa ameivaa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sikio lililokwisha kupungua linastahili kulindwa zaidi. Kama hata sauti ya wastani haimtoshi, apelekwe kupimwa masikio kabla hamjanunua kifaa kingine.