Lethal Weapon ya kwanza: DVD au Blu-ray? Ipime kwenye giza

Mkuu, umeuliza hivi: una DVD ya Lethal Weapon ya mwaka 1987, jamaa anakuuzia Blu-ray yake, TV yako ni flati ya inchi 43. Je, kuna tofauti ya maana au ni kuliwa hela tu? Waliotangulia wamekujibu kwamba muvi ya zamani haiwezi kuwa na picha kali. Hapo nawapinga, ingawa na mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Nimekulia Chikongola, hapa Mtwara mjini. Muvi hii niliiona mara ya kwanza kibanda umiza, TV ya chogo juu ya kabati, sisi kwenye mabenchi ya mbao mpaka makalio yanakufa ganzi. Ilikuwa VCD, yaani CD ya video. VCD moja inabeba kama dakika 74 tu, kwa hiyo katikati ya uhondo mwenye kibanda anasimama kubadilisha CD ya pili huku anazomewa. Na picha yake ni nukta 352 kwa 288, yaani kidogo mno.

Sasa chukua pambano la mwisho. Ni usiku, nje ya nyumba ya polisi Murtaugh (Danny Glover), maji yanaruka, polisi mwenzake Riggs (Mel Gibson) na yule adui Mr. Joshua (Gary Busey) wanagaragazana chini. Sisi tuliona nini? Viboksi vyeusi vinacheza, kama mtu kamwaga kokoto kwenye kioo. Mtafsiri akatangaza kwamba steringi amemzamisha adui kwenye tope. Nani abishe? Miaka yote mtu akiniuliza Joshua alipigwaje, jibu langu lilikuwa tope.

Kisha shemeji yangu, ambaye ni baharia, akaniletea Blu-ray halisi. Nilipofika kwenye lile pambano nikabonyeza pozi. Kumbe ni kabali! Riggs kamfunga jamaa shingo kwa miguu, pembetatu kabisa, jiu-jitsu ya Brazil. Nikaenda kusoma, nikakuta kwamba Rorion Gracie mwenyewe, mwalimu wa hiyo jiu-jitsu, alishiriki kuwafundisha, na ndani ya pambano hilohilo kuna capoeira pia, mapigano mengine ya Kibrazili. Mwaka 1987 watu wengi duniani hawajawahi kuona kabali ya namna ile, na sisi tuliokuwa na bahati ya kuiangalia tukaoneshwa kokoto.

Ndiyo maana diski ya muvi hii mimi naipimia gizani. Inaanza na usiku, pambano lake la mwisho ni usiku, na mpiga picha wake, Stephen Goldblatt, hakumwaga taa kila kona. Kwenye matukio ya mchana hata diski mbovu inapendeza. Muombe huyo jamaa akuwekee lile pambano la mwisho. Ukiona weusi ni mmoja, mtulivu, na ndani yake unatofautisha nguo na majani, hiyo ni kazi nzuri. Weusi ukitembea kama siafu, mrudishie.

Hilo la uzamani lina jibu rahisi. Muvi ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na filamu hiyo imebeba vitu vingi kuliko DVD inavyoweza kutoa. DVD yetu ya PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) ina mistari 576, Blu-ray ina 1080. Uzee hauna kosa hapo, chombo ndicho kilikuwa kidogo.

Ila jiandae na chembechembe. Mama watoto alipoona mara ya kwanza alisema, "Mbona picha ina mchanga, umeitoa ufukweni Msimbati?" Ule mchanga ndio filamu yenyewe. Wapo watengenezaji wanaoufuta kwa kompyuta ili picha ing'ae, na matokeo yake sura za watu zinakuwa kama zimepakwa nta, mikunjo ya Murtaugh inapotea wakati mzee wa watu ndio kwanza anatimiza miaka 50 ndani ya hadithi na analalamika uzee kila saa. Bora mchanga. Na ingia kwenye mipangilio ya TV, uzime ile kazi ya kulainisha mwendo, maana inaifanya muvi ionekane kama tamthilia ya Kifilipino.

Halafu dakika. Iliyooneshwa sinema ni dakika 110. Mwaka 2000 ilitoka DVD ya toleo la mwongozaji, Richard Donner, dakika 117. Sasa kuna mtego: DVD ya PAL inakimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo 110 inakuwa kama 106, na 117 inakuwa kama 112. Ukiona 112 kwenye deki usidhani ni la sinema limeongezwa dakika mbili, ni lile refu limekimbizwa. Sauti nayo inapanda kidogo, na hilo linaniudhi kwa sababu muziki wa hii muvi ni nusu ya utamu: Michael Kamen, gitaa la Eric Clapton, saksafoni ya David Sanborn.

Lipi bora? Mimi nachukua la 110. Lile refu lina tukio la Riggs kumfuata mlenga shabaha kwenye shule huku hajali kufa. Ni tukio zuri, lakini tumeshamwona kwenye karavani yake ufukweni, bastola mkononi, analia kwa ajili ya mkewe aliyefariki. Hapo kila kitu kimeshasemwa. (Na ni Krismasi ya jua kali pembeni ya bahari, kama ya huku kwetu msimu wa korosho. Labda ndiyo maana watu wa Mtwara tunaipenda.)

Sauti sina mengi. Kama una sabufa ya waya mbili, nyekundu na nyeupe, weka deki kwenye stereo, la sivyo maneno yatamezwa na risasi.

Kabla hujatoa hela, geuza diski. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni aliwahi kunitumia "Blu-ray" ndani ya kasha la bluu safi kabisa, kuigeuza ni zambarau: DVD ya kuchomwa nyumbani. Ile ya kiwandani chini haina uzambarau huo. Na zile za muvi kumi ndani ya DVD moja usiziguse kwa kazi hii. Diski ya GB 4.7 ukiigawa kwa kumi, kila muvi haifiki hata nusu GB, na kinachokatwa kwanza ni giza.

Kumbuka pia deki yako ya DVD haisomi Blu-ray. Kama huna deki yake, hesabu bei ya vyote viwili. Ikizidi mfuko, baki na DVD yako ilimradi ni halisi, kabali utaiona japo kwa tabu. Ukishaiona rudi utuambie: huko kwenu mtafsiri alisema Joshua kafanywa nini?