Wimbo wanaujua, mwenyewe hawamjui

Swali la wiki hii linauliza: "Ni mwimbaji gani mkubwa aliyesahauliwa mapema, na unadhani sababu ni nini?" Najua wengi watataja watu wa dansi na taarab. Mimi namtaja Shamshad Begum, mwanamke wa Punjab, mmoja wa waimbaji wa kwanza wakubwa wa sinema za Kihindi. Nyimbo zake zinapigwa mpaka leo, na wengi wanaozijua kwa moyo hawajui ni za nani.

Sababu inayorudiwa kila mara ni kwamba mwimbaji mwenzake Lata Mangeshkar alipoingia na sauti yake nyembamba, sauti ya Bi Shamshad ikaonekana nzito na ya kizamani, basi ikapitwa na wakati. Sikubaliani nayo hata kidogo. Sauti ile haikuzeeka. Waliobadilika ni watengenezaji filamu, na kilichobadilika ni namna walivyotaka mwanamke asikike.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1919, akakulia Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, kwenye nyumba ya Kiislamu yenye watoto wengi. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha muziki. Shuleni walimweka aongoze wimbo wa sala, na mitaani akawa anaitwa kuimba harusini. Ami yake ndiye aliyempeleka kwenye kampuni ya santuri ya Jenophone. Mtunzi Ghulam Haider akamsikiliza, na mtoto akatoka na mkataba wa rupia 15 kwa kila wimbo. Baba alikubali kwa sharti: binti avae burka akienda kurekodi, na asipigwe picha. Alilishika sharti hilo miaka na miaka, hata alipokuwa na jina kubwa kuliko waigizaji aliowaimbia.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Siti binti Saad alikwishavuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati Shamshad bado mtoto mdogo. Mwanamke wa Kiislamu aliyejisitiri, sauti yake ikauzwa dukani: biashara ile iliwajua wote wawili.

Lakini msimdhanie kuwa mtu wa kukubali kila analoambiwa. Mwaka 1934, akiwa na miaka 15, aliolewa na Ganpat Lal Batto, mwanasheria wa Kihindu, na familia za pande zote mbili hazikutaka. Huyuhuyu aliyekubali kutopigwa picha hakukubali kuchaguliwa mume. Nikimsikiliza huwa nalikumbuka hilo, maana sauti yake haibembelezi mtu. Inatoka kifuani wazi, kila neno limekatwa vizuri, na ikianza unajua kuna mtu ameingia chumbani.

Filamu iliyomfikisha kila kona ya nchi ni Khazanchi ya mwaka 1941, iliyotengenezwa Lahore. Ghulam Haider aliingiza ngoma ya dholak na midundo ya Kipunjabi katika muziki wa filamu uliokuwa ukienda polepole, na kuna wimbo wa vijana juu ya baiskeli ambao ulishika kama moto. Mwaka 1944 Bi Shamshad akahamia Bombay. Baada ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan mwaka 1947, Ghulam Haider alikwenda Pakistan, Bi Shamshad akabaki. Miaka iliyofuata ndiyo ya kilele chake, akiimba kwa watunzi kama Naushad na C. Ramchandra, kwa yeyote aliyetaka wimbo uuze. Katika filamu ya Patanga ya mwaka 1949 anaimba kama mke aliyeachwa Dehradun, India, mume yuko Rangoon, Burma, na mawasiliano yao ni ya simu. Msikilizeni anavyotamka habari ya mume kupiga simu: kuna malalamiko, kuna mapenzi, na kuna furaha ya mtu anayejionyesha kwa majirani kwamba simu imelia nyumbani kwake. Yote hayo kwa sauti tupu, bila uso.

Hapo kwenye uso ndipo penye kiini cha swali. Katika filamu za Kihindi za enzi ile mwimbaji alirekodi studio pamoja na wapiga vyombo, kisha siku ya kupiga picha wimbo ulichezwa na mwigizaji akafuatisha kwa midomo. Zamani hata santuri hazikumtaja mwimbaji. Wimbo mashuhuri wa Lata katika filamu ya Mahal ya mwaka 1949 ulitoka ukiwa na jina la Kamini, ambaye ni mhusika tu wa filamu. Tuzo za Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, zilianza mwaka 1954, lakini tuzo ya mwimbaji haikuwapo hadi 1959. Kwa hiyo miaka aliyovuma zaidi Bi Shamshad hapakuwa hata na kikombe cha kumpa.

Sasa tazameni alivyosogezwa pembeni. Baada ya uhuru, stelingi wa kike akatakiwa awe msichana mpole, mvumilivu, wa kuonewa huruma, na sauti changa ilimfaa huyo. Sauti iliyokomaa ikapelekwa kwa wanawake wengine. Katika Aar Paar (1954) Bi Shamshad anamwimbia kibarua wa ujenzi. Katika CID (1956) anawaimbia mchezaji na msanii wa barabarani, na pia mwigizaji Waheeda Rehman, ambaye mle yuko upande wa wahalifu. Shakila, mchumba wa stelingi, hapewi sauti yake. Na ni nyimbo gani watu wanazikumbuka katika filamu hiyo? Hizo hizo za barabarani. Katika Kismat ya mwaka 1968 alimwimbia Biswajeet, mwanamume aliyevalishwa nguo za kike, na wimbo ule ndio unaopigwa harusini mpaka leo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika Mughal-e-Azam (1960). Kuna kawali, wimbo wa kupokezana, ya mashindano mbele ya mwanamfalme Salim. Anarkali, mpendwa wake, anaimba kwa sauti ya Lata; Bahar, mshindani wake, kwa sauti ya Bi Shamshad. Moja inajibu kwa unyenyekevu wa aliyekwisha kupenda, nyingine inatamba kama mtu anayejua nguvu zake. Mwishoni Salim anampa Bahar ua na Anarkali anapewa miiba. Kihadithi ile miiba ndiyo heshima, kwa sababu mapenzi ni kuumia. Mimi kila nikitazama naona ua limekwenda panapostahili.

Lata simpunguzii chochote, ni bahari. Ninachokataa ni kusema mmoja alimshinda mwingine kwa ubora, wakati kila mmoja alipangiwa aina yake ya mwanamke.

Na kuna msiba. Mume wa Bi Shamshad alifariki mwaka 1955, akajifungia, akaacha kazi. Alirudi kwa Mother India ya mwaka 1957. Wako wengi huku kwetu walioiona filamu ile sinema ikiwa imejaa pomoni, wakamlilia mwigizaji wake Nargis. Ule wimbo wa bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe unaimbwa na mjane ambaye hajamaliza huzuni yake. Sikilizeni tena mkiwa mnajua hilo.

Baadaye alinyamaza, akaishi kwa binti yake Mumbai. Kuna wakati zilienea habari kwamba amefariki, kumbe alichanganywa na Shamshad Begum mwingine, bibi yake mwigizaji Saira Banu. Wakati huohuo vijana walikuwa wakicheza nyimbo zake zilizorudiwa kwa midundo mipya kwenye kumbi za disko. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mwaka 2009, akikaribia miaka 90. Alifariki tarehe 23 Aprili 2013. Nishani nafurahi alipewa, lakini iliweza kutolewa miaka 40 kabla, akiwa bado anaimba.

Watangazaji wa vipindi vya nyimbo za Kihindi nawaomba kitu kimoja: mkicheza wimbo wake, mtajeni kama mnavyomtaja mtunzi na stelingi. Na msomaji anayetaka kuanza, aanze na ile simu ya Rangoon, kisha kawali ya Mughal-e-Azam, aifuate sauti ya Bahar peke yake tangu mwanzo hadi anapopokea ua.